Kilo tano, sita, saba hizi: kwa nini hamasa inakatika mapema, na tuishikeje?

Binti Mzizima

Wakuu, heri ya Jumapili.

Nyuzi nyingi za unene humu ndani zinamhusu mtu mwenye kilo 30 au 40 za kutoa. Huyo ana mzigo mkubwa na anastahili kila msaada, lakini angalau akianza, watu wanaona mabadiliko na kumpa moyo. Leo nataka tumzungumzie mtu wa kilo tano, sita, saba. Suruali ya kazini bado inafunga, ila kwa kuvuta pumzi. Daktari amemwambia presha imeanza kusogea, hajamwandikia dawa. Au amejifungua, mtoto sasa anakimbia, tumbo liko palepale. Watu wa aina hii tupo wengi, tunaanza kila Januari na kila baada ya Idi, na wengi tunaachia njiani.

Kwanza nieleze kwa nini kilo hizo chache zina maana, maana hapo ndipo watu wanapotukatisha tamaa mapema. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uitwao Diabetes Prevention Program, matokeo yakatoka mwaka 2002. Walichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa juu kidogo lakini hawajaingia kwenye kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya kawaida, hasa kutembea, dakika 150 kwa wiki. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 2.8, na hatari ya kupata kisukari kwenye kundi hilo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ilishuka asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu na kidogo. Ndizo hizo ambazo jirani anakuambia "achana nazo, uko vizuri tu."

Sasa hamasa inafia wapi? Mimi sikubali kwamba ni uvivu. Nimeona wanawake wanaoamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua, wanalea, wanaendesha biashara, halafu wanaambiwa wameshindwa diet kwa uvivu. Tatizo lipo kwenye hesabu yenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kama kalori 7,700. Mtu anayefanya mabadiliko ya kiasi, tuseme anapunguza kalori 300 kwa siku, itamchukua karibu wiki nne kutoa kilo moja. Wakati huohuo uzito wa mtu yeyote unapanda na kushuka kilo moja hadi mbili baina ya siku na siku, kwa maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Kwa hiyo kazi yako halisi ya mwezi mzima inaweza kufichwa kabisa na dagaa wa chumvi wa jana usiku. Unapanda mizani, namba haijasogea, unaamini umefanya bure. Hujafanya bure, ila mizani ya siku moja haina uwezo wa kukuonyesha.

Mtu wa kilo 40 haoni tatizo hilo kwa ukali huu, kwa sababu mabadiliko yake ni makubwa kuliko mtikisiko wa mizani. Sisi wa kilo chache tunahitaji njia nyingine ya kujilipa njiani. Nimeona mambo mawili yanasaidia.

La kwanza ni kuwa na sababu isiyo ya sura. Ukipunguza ili watu wakuone, kwa kilo tano hakuna atakayekuona. Tafuta kitu kinachopimika chenye maana kwako: presha, kiuno, ngazi za ofisini, goti lisiloguna ukitoka kwenye sijda. Shangazi yangu alichagua presha. Alinunua kipimo, akawa anaandika kwenye daftari la duka, na namba ya juu ilianza kushuka kabla mtu yeyote hajamwambia amepungua. Hilo daftari ndilo lililomfanya aendelee.

La pili, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu napapenda, ni kuuhamisha uamuzi kutoka kwenye sahani kwenda sokoni na jikoni. Hamasa ya saa mbili usiku, umetoka kwenye foleni ya Mbezi una njaa, ni ndogo sana. Usiitegemee. Tegemea ulichoamua ukiwa umeshiba.

Chukua mafuta ya kula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na kijiko kikubwa kimoja kina kama 120. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu wazima wanne wanaomaliza lita kwa siku tatu, kila mmoja anakula karibu kalori 690 kwa siku zinazotokana na mafuta peke yake. Lita hiyohiyo ikienda siku tano, kila mmoja anakula kama 414. Tofauti ni kalori 270 na ushee kwa kila mtu kila siku, na ugali haujapunguzwa, maharage hayajapunguzwa, hakuna aliyelala na njaa. Mtu wa kilo 75 hadi 80 akitaka kuunguza kiasi hicho kwa miguu anatembea karibu kilomita tano. Na jambo lenyewe la kufanya ni moja: mafuta yachotwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Mchicha wa vijiko viwili vya mafuta ni mtamu uleule wa vijiko sita, mradi vitunguu na nyanya vimeiva vizuri.

Halafu chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko tisa, gramu kama 36. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Chai peke yake imeshapita, soda haijafunguliwa. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, ulimi unazoea.

Naomba wenzangu mchangie, hasa mlioweza kuendelea baada ya zile wiki za mwanzo. Mmeshikaje?

---

Fundi Rangi

Dada asante kwa uzi. Mimi shida yangu ni hiyohiyo kila mara. Wiki ya kwanza nashuka vizuri, kilo mbili hata zaidi, nafurahi kweli. Ya pili kidogo. Ya tatu inagoma kabisa, saa nyingine inapanda. Nakula vilevile kama wiki ya kwanza. Hapo ndipo ninapoachia. Je, mwili unakuwa umezoea au kuna kitu sikielewi?

---

Nesi wa Zamu

Mkuu Fundi Rangi, ngoja nikujibu kwa utulivu maana swali lako naulizwa sana kliniki.

Zile kilo mbili za wiki ya kwanza nyingi si mafuta. Mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli, kwa jina la glaikojeni, na kila gramu moja yake hukaa na maji kama gramu tatu. Ukipunguza chakula ghafla, hasa wanga, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka haraka. Akiba ikipungua mwendo huo unaisha, na kinachobaki ni mafuta yanayotoka polepole kama alivyoeleza Binti Mzizima. Kwa hiyo wiki ya tatu si kwamba umekwama. Wiki ya kwanza ndiyo iliyokuahidi kitu kisichoweza kuendelea.

Ongeza na hili: ukianza mazoezi mapya, misuli iliyouma hushika maji kwa muda. Wanawake pia hushika maji siku za kabla ya hedhi. Ndiyo maana dada mwenye mzunguko wa kawaida alinganishe uzito wake na wa siku kama hiyohiyo ya mwezi uliopita, asilinganishe na wa wiki iliyopita.

Jinsi ya kujipima: asubuhi, ukishatoka msalani, kabla ya chai, nguo zilezile. Kama una mizani nyumbani, pima mara kadhaa kwa wiki, andika, kisha chukua wastani wa wiki na kuulinganisha na wastani wa wiki nyingine. Kama huna, zile mizani za barabarani zinafaa, ila iwe ileile, saa ileile, maana kila moja ina tabia yake.

Na nunua futi ya fundi cherehani. Tafuta mbavu ya mwisho kwa pembeni, tafuta mfupa wa nyonga, pima katikati yake, futi ikizunguka sawasawa, ukiwa umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo. Kwa wanawake hatari ya maradhi huanza kupanda kiuno kikifika sentimita 80, kwa wanaume 94. Kiuno kinaweza kushuka huku mizani imesimama, hasa kwa mtu wa kazi za mikono kama wewe.

Tahadhari, tafadhali zisomwe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, sukari inaweza kushuka hadi hatari. Mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Anayenyonyesha azungumze kwanza na mtaalamu wa afya. Na anayepungua bila kujaribu, huyo aende hospitali, asisherehekee.

---

Mama Pacha wa Tabata

Nesi ubarikiwe. Mimi nataka kugusa upande ambao haujaguswa, wa maneno ya watu.

Nilipungua kilo chache tu, wala sikuwa nimefika nilikotaka. Kanisani mama mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nyumbani kuna amani?" Mume wangu ukweni akaulizwa kama mambo ya kazi yameyumba. Dada wa saluni akaniambia uso umesinyaa. Kazini, nilihisi kuna wanaofikiria ugonjwa ule ambao sisi tuliokua miaka ya tisini tunajua kila aliyekonda alivyokuwa anatazamwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Wote walikuwa wananipenda. Na ndiyo maana ilikuwa ngumu, kwa sababu adui unaweza kumpuuza, mama mkwe huwezi.

Huku kwetu kunenepa ni habari njema: umenawiri, ndoa imekukubali, hela inaonekana. Kupungua ni habari inayohitaji maelezo. Mtu wa kilo chache anapata lawama zote za kukonda na hapati sifa yoyote ya kupungua. Nilikaribia kurudisha chapati nne za asubuhi ili nipate amani.

Kilichonisaidia ni kusema mapema. Nilimwita mama mkwe nikamweleza kwamba presha ya baba yangu ndiyo iliyompoozesha, yangu nayo imeanza kupanda, daktari amenishauri nipunguze kidogo. Nilimwomba anisaidie. Wakuu, kuanzia siku hiyo yeye ndiye mlinzi wangu. Sahani inapita kwake kwanza. Mtu akisema nimekonda, yeye ndiye anayejibu. Nadhani mtu mzima ukimpa nafasi ndani ya jambo anakuwa upande wako, ukimficha anakuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake unauona kwenye sufuria ya pilau.

---

Binti Mzizima

Mama Pacha, umenigusa. Hili la kumpa mzee nafasi naomba kila anayepita hapa alichukue. Takwimu za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana uzito uliozidi au unene. Zaidi ya mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo kwenye meza yoyote ya harusi kuna mwenzako anayepigana vita hiyohiyo kimya, na ukisema wewe yeye naye anapata ujasiri wa kusema.

Kwenye sendofu na vikao mimi nafanya hivi: sili kidogo kila kitu, kwa sababu kidogo cha vitu kumi na mbili ni kingi. Nachagua viwili ninavyovipenda hasa, naomba na mboga na kachumbari, nakula kwa raha. Na maji. Mwenyeji anaona sahani imejaa na mtu anakula, hakuna anayeudhika.

---

Dereva wa Tunduma

Nyie mna jiko. Sisi wa magari makubwa tunafanyaje? Dar hadi Tunduma nimekaa kwenye kiti, chakula ni cha njiani. Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Makambako. Usiku ukifika ni chipsi mayai na soda baridi kwa sababu ndicho kilichopo na kinakuamsha. Kitambi changu si kikubwa ila mgongo umeanza kulalamika, na kwenye kupima afya ya leseni nimeambiwa presha iangaliwe. Nia ninayo asubuhi. Jioni siioni.

---

Mwalimu wa Bwiru

Ndugu Dereva, sentensi yako ya mwisho inaeleza kila kitu, na kuna watu wameichunguza maisha yao yote. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer tangu miaka ya 1990 ameonyesha kwamba nia peke yake ("nitakula vizuri") ni dhaifu, ila nia iliyofungwa kwenye tukio ("nikifika mahali fulani, nitafanya jambo fulani") inatekelezwa mara nyingi zaidi. Sababu ni kwamba uamuzi umeshafanyika. Ukifika pale huamui tena, unakumbuka tu.

Kwako ingekuwa hivi: nikisimama Makambako naagiza wali maharage na mboga, kabla sijatazama kikaango cha chipsi. Nikisikia usingizi nanunua maji na kahawa isiyo na sukari nyingi, na kama usingizi ni wa kweli naegesha nalala. Iandike uibandike kwenye dashibodi. Mbili au tatu tu, si kumi.

Na usiogope siku ukiteleza. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, UCL, walitoa utafiti mwaka 2010, wakifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja ndogo kila siku. Mtu wa katikati alifikia hali ya kuifanya bila kujilazimisha baada ya siku 66. Wepesi walikuwa karibu siku 18, na kwa wazito makadirio yalifika 254. Jambo la faraja zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mwendo kwa kiasi cha maana. Nasisitiza hapa kwa sababu nawaona wanafunzi wangu na walimu wenzangu: Jumatano mtu anakula maandazi matano, anasema "basi nitaanza Jumatatu." Zile Alhamisi hadi Jumapili ndizo zinazomnenepesha. Maandazi ya Jumatano hayana nguvu hiyo.

---

Dereva wa Tunduma

Mwalimu nimekuelewa. Nimepiga hesabu hapa: gari langu na tela, kulizunguka mara 25 ni karibu kilomita moja. Kila nikisimama kusubiri mizani ya magari au mpakani nalizunguka, huku nakagua matairi. Ni kazi ninayopaswa kuifanya hata hivyo. Mpakani tunasubiri masaa.

---

Nesi wa Zamu

Dereva, hiyo ni nzuri sana. Kilomita tatu hapo unazipata bila kutoka kazini. Na mtu asikutishe na hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo ilienea kutoka kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka hospitali. Kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemeke kidogo lakini bado unaweza kuongea. Ukizigawanya ni dakika 30 kwa siku tano, na unaweza kuzikata vipande vya dakika kumi kumi. Kwa anayepanda mwendokasi, shuka kituo kimoja au viwili kabla.

---

Kijana wa Sinza

Samahani, naomba kuuliza. Kuna chai naziona zinauzwa mtandaoni, wiki mbili tumbo linaisha. Dada yangu anatumia na kweli amepungua. Zina ukweli?

---

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, mwambie dada yako asome kilichoandikwa kwenye pakiti. Nyingi za chai hizo zina sena, dawa ya kuharisha. Anachotoa ni maji na choo. Tumbo linajisikia jepesi, mafuta yako palepale, na akiitumia muda mrefu anapoteza potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa.

Vidonge ni hatari zaidi. Kulikuwa na dawa iitwayo sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari za moyo na kiharusi. Tangu hapo imekuwa ikikutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "mitishamba ya kupunguza mwili." Dada yako akisikia moyo unaenda mbio, aache mara moja na aende kupima. Tangawizi na ndimu hazina madhara kwa wengi, kunywa kama unazipenda, ila hazikatishi mafuta.

---

Mwana wa Kibokoni

Assalam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, nasoma kimya tangu mwanzo. Nyinyi mwaongea chapati, sisi asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai na bhajia za kununua. Nilianza kutembea alfajiri baada ya swala pale Mama Ngina, tuko kina mama kadhaa, na wallahi kilichonishika si uzito. Ni wale wenzangu. Nisipotokea napigiwa simu. Siku ambazo moyo hauna hamu, miguu yaenda kwa sababu Bi mkubwa wetu, umri wake wapita sabini, ashavaa raba anatungoja.

Sasa swali langu ni Ramadhani. Kila mwaka nafunga mwezi mzima na natoka nimeongeza. Nafanyaje?

---

Binti Mzizima

Waaleikum salaam dada. Kwanza hilo la wenzako ni kubwa. Hata hapa Dar vikundi vya kukimbia vya Jumamosi vimewashika watu wengi kwa njia hiyo, nyimbo, fulana za rangi moja, mtu anaona haya kukosa. Ombi langu kwa vikundi hivyo ni moja: baada ya kukimbia tusiende moja kwa moja kwenye supu na chapati tatu na soda. Supu na ndizi moja au mbili zinatosha, na maji.

Ramadhani: tenga kufuturu na kula. Futuru kwa tende na maji, uji ukipenda, nenda kaswali magharibi bila haraka, kisha kaa ule chakula kimoja cha kweli, chenye maharage au samaki na mboga. Vya kukaanga visipikwe kila siku. Chagueni siku mbili za wiki na mzifurahie. Sharubati iwe tunda lenyewe, si sukari na rangi. Kwenda tarawehe nenda kwa miguu kama njia ni salama. Na daku usiiache, ukiiacha magharibi utakula kwa ghadhabu. Lengo la mwezi huo liwe kutoka na uzito ulioingia nao. Ibada ndiyo kwanza.

---

Fundi Rangi

Nimerudi. Nimenunua futi. Kiuno 97. Nesi, sasa swali la mwisho: nikifika nilipotaka, nafanya nini nisirudi? Maana kurudi ndiko kunakoniua moyo kuliko kuanza.

---

Nesi wa Zamu

Swali zuri kuliko yote, na watu huliuliza wakiwa wamechelewa. Mwili uliopungua unadai kurudi. Kuna homoni iitwayo leptini, iligunduliwa mwaka 1994, inatoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo kuna akiba kiasi gani. Mafuta yakipungua leptini inapungua, njaa inaongezeka. Kwa hiyo ukijisikia njaa zaidi baada ya kupungua, si kwamba huna msimamo. Faida ya kilo chache ni kwamba dai hilo nalo ni dogo zaidi, unaweza kulihimili kwa chakula cha kawaida chenye maharage, mboga na samaki.

Kuna daftari la watafiti Marekani, lilianzishwa mwaka 1994, linawafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu hivi na kukaa hapo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki, na hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Kujipima kunaendelea hata baada ya kufika. Kwa hiyo chagua leo namba yako ya tahadhari: wastani wa wiki ukipanda kilo mbili juu ya ulipofikia, wiki mbili mfululizo, unarudi kwenye kijiko cha mafuta na sukari ya chai siku hiyohiyo. Kilo mbili unazirudisha. Usisubiri zifike sita.

Kwa sasa lengo lako la kwanza lisiwe kilo. Liwe kushuka chini ya 94 kwa futi hiyo. Pima tena baada ya wiki nne, asubuhi, uje utuambie.

---

Fundi Rangi

Sawa dada. Nimeandika 97 ukutani stoo, kwa penseli, na tarehe. Mke wangu naye amepima.